Kiwanda kikija, duka lako litapona?

Leo tuongee jambo linalorudi kila mwaka vijiweni kwetu huku Masasi na Newala. Msimu wa korosho ukiisha na hela ikikauka mtaani, lazima usikie mtu anasema: "Tungekuwa na kiwanda kikubwa hapa, biashara zingekaa sawa mwaka mzima." Mimi viwanda navitaka. Ila kiwanda peke yake hakiokoi duka.

Chukua mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ule mji umezaliwa na kiwanda cha chokoleti. Milton Hershey aliuza kampuni yake ya pipi za karameli mwaka 1900 kwa dola milioni 1, halafu 1903 akaanza kujenga kiwanda kijijini, katikati ya wafugaji wa ng'ombe, ili maziwa yawe karibu. Kilikamilika 1905. Akajenga nyumba, usafiri wa tramu, bustani ya kupumzikia, na mwaka 1909 akaanzisha shule ya yatima. Hadi leo mgeni akifika anakuta barabara inaitwa Chocolate Avenue, na taa za barabarani zina umbo la pipi za chokoleti.

Utasema wenye maduka kule wanakula bata tu. Subiri. Mwaka 1937 wafanyakazi waligoma, kiwanda kikasimama siku chache. Maziwa ya wafugaji yakakosa pa kwenda. Wafugaji wakaungana na wafanyakazi waliopinga mgomo, wakavamia kiwanda na kuwapiga waliogoma. Siku chache tu, majirani wameshikana mashati! Ukiwa na mnunuzi mmoja, akikohoa yeye unaugua wewe.

Kilichoupa nguvu ule mji ni wageni. Watu walikuwa wanaenda kuangalia chokoleti inavyotengenezwa, wakawa wengi mpaka 1973 ikafunguliwa sehemu yao maalumu, Chocolate World. Kiwanda kile cha zamani kilifungwa 2012, kazi ikahamia kiwanda kingine hapohapo mjini. Mji haukufa. Anayeuza chakula pale anapata hela ya mfanyakazi, na anapata hela ya mtu aliyetoka mbali.

Sasa njoo jirani hapa, Mumias, magharibi mwa Kenya. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa 1973 na kikawa kikubwa kuliko vyote Kenya. Kilipoyumba, wakulima walidai malipo ya miwa yao muda mrefu, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Mkulima asipolipwa, mwenye duka naye halipwi. Mfuko ni uleule.

Na sisi viwanda si vigeni. Vya kubangua korosho vilijengwa kusini huku miaka ya 1970 na kuendelea kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vingi vikasimama, vingine vikageuka maghala. Tena hata bila kiwanda sisi tayari ni mji wa mfuko mmoja. Kumbuka msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei nzuri, lakini kwa wakulima wengi malipo yalichelewa kwa ajili ya uhakiki. Ukiwa umekopesha sukari na mabati ukisubiri siku ya malipo, na wewe unasubiri na mkulima, wakati mwenye jumla hasubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba kiwanda, fanya haya matatu:

1. Jua hela yako inatoka wapi. Mwezi mzima, kila ukiuza weka alama kwenye daftari: hela ya korosho, hela ya mshahara (walimu, manesi), au hela ya mpita njia. Kama zaidi ya nusu ni korosho, duka lako limesimama kwa mguu mmoja.

2. Wekea madeni kikomo. Jiulize: malipo yakichelewa miezi mitatu, nitaweza kununua mzigo? Kama hapana, umeshakopesha kupita kiasi, hata kama wadaiwa wote ni waaminifu. Uaminifu wa mteja hauharakishi malipo.

3. Uza hata kitu kimoja kwa mtu asiye wa hapa. Masasi ni njia panda: wa Tunduru na Songea anapita, wa Mangaka na Daraja la Umoja kwenda Msumbiji anapita. Ndanda watu wanatoka mbali kuuguza wagonjwa, wanahitaji beseni, sabuni, chupa ya chai, khanga. Newala mgeni anapanda kuangalia Shimo la Mungu, halafu anaondoka na picha kwenye simu tu. Kwa nini asiondoke na korosho iliyokaangwa, imefungwa vizuri, imeandikwa Newala?

Kiwanda kikija, tutakipokea kwa ngoma. Kikikukuta una wateja wa aina tatu, kitakukuza. Kikikukuta una aina moja, kitakuwa kimekubadilishia tu bwana wa kumtegemea.

Leo jioni ukifunga duka, hesabu mauzo ya siku. Yametoka kwenye mifuko mingapi?