Maswali Tisa, la Kumi Liko Wapi?

Sisi vijana wakimbizi wa Kigali tumezoea fomu kuliko tulivyozoea daktari. Nimekuwa mkalimani katika tafiti kadhaa za afya ya akili, na karibu kila mara karatasi ni ile ile: PHQ-9. Maswali tisa, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla 27. Katika wiki mbili zilizopita ulisumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi? Na kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi?

Kula kupita kiasi! Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza msaada wa wakimbizi hapa Rwanda kwa asilimia 60, kwa kukosa fedha. Hebu lisome swali hilo ndani ya nyumba ya Kiziba au Mahama mwezi ule, halafu uniambie: alama inapima ugonjwa, au inapima sufuria?

Sisemi fomu ni upuuzi. Swali la tisa, lile la kutamani kufa, linaweza kumfungua mtu ambaye angenyamaza. Wala sisemi dawa hazisaidii. Hospitali ya Ndera iko hapa hapa Kigali, na wako watu waliotoka pale wakarudi kazini. Ugomvi wangu ni na mtafiti anayefika akiwa ameshabeba majibu kwenye begi.

Na hawezi kusema hakuna njia nyingine. Miaka michache baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Paul Bolton aliwauliza watu wa vijijini humu Rwanda wataje wenyewe shida zilizowabaki moyoni. Matokeo yalichapishwa 2001. Watu walitoa majina yao: guhahamuka, na agahinda gakabije. Hilo la pili linafanana na ugonjwa wa sonona unaosomwa vitabuni, lakini lina dalili zake ambazo vitabu havikuwa nazo. Kwanza watu walisema, ndipo maswali yakaandikwa.

Sasa sisi wa Kiswahili cha Bukavu na Uvira, nani ametuuliza? Kijana wetu hasemi "nina sonona". Anasema, "Niko na mawazo mingi." Na mawazo si huzuni. Mawazo ni kodi ya chumba, ni kesi ya kwenda nchi ya tatu isiyojibiwa, ni mdogo wako aliyebaki Kongo na simu yake haipatikani. Ukilitafsiri "huzuni", fomu inajaa vizuri, lakini kijana hayumo ndani yake.

Tena matibabu yenyewe ndiyo hayaulizwi kabisa. Namjua kijana wa ujenzi, vidonge vilimlaza mpaka saa nne asubuhi, fundi akampa mtu mwingine nafasi yake. Akaacha vidonge. Kwenye faili ameandikwa hafuati matibabu. Namjua binti mmoja wa Nyamirambo: kufika kliniki, mkalimani ni mama wa kwaya yao. Angesema nini? Alisema kichwa kinamuuma, akapewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani na lile lililompeleka.

Kwa hiyo, wenzetu wa mashirika, swali la kumi ni hili: matibabu yamekugharimu nini? Liulizeni. Kabla ya hapo mwacheni kijana achague nani amtafsirie, kwa maana hapa mkalimani ni jirani na jirani ana mdomo. Na matokeo yaleteni kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mtusomee hapa hapa tulipowajibu, kabla hamjayapeleka kwenye mikutano.

Kundi la mwisho nililolifanyia kazi liliahidi kurudi. Lilituachia soda na mandazi. Vijana waliojibu wananiuliza mimi hayo majibu yako wapi, kwa sababu mimi ndiye wanayejua mlango wangu.