Tusiitie Sukari Michezo ya Kale



Chama chetu cha michezo ya kuigiza kinajitayarisha kuonyesha Julius Caesar kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Wenzetu wengine wameshauri mchezo ubadilishwe: umati usimwue Cinna mshairi, na mwishoni Brutus asijiue bali aombe radhi, ili wazazi waende zao kwa furaha. Mimi nalipinga shauri hili.

Kwanza, si shauri jipya. Waingereza wenyewe walilijaribu zamani. Mwaka 1681 Nahum Tate alionyesha London mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Richard wa Pili, alioubadili yeye. Alimfanya mfalme kuwa mwema kuliko alivyo katika mchezo wa asili, hata akaihamishia hadithi Sicily na kuubadili mchezo jina, ili wakubwa wasiudhike. Wakubwa waliupiga marufuku vile vile baada ya siku chache. Basi aliuacha ukweli, na usalama asiupate.

Baadaye, mnamo mwaka 1700, Colley Cibber aliushika mchezo wa Richard wa Tatu. Alimwondoa Malkia Margaret, mjane anayewakumbusha wakubwa damu waliyoimwaga. Nakiri kwamba mchezo wa Cibber ulipendwa, ukachezwa kwa zaidi ya miaka 100. Lakini waliokuwa wakipiga makofi, wengi wao hawakujua walichonyimwa.

Labda nitaambiwa kwamba kila mchezo hupunguzwa. Ni kweli, wala sikatai kufupisha maneno ili tumalize kabla ya kengele ya kulala. Lakini kufupisha ni jambo moja, na kugeuza mambo yaliyotendeka ni jambo jingine. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa nyingine aliyoisahihisha. Alisahihisha Kiswahili chake mwenyewe, hakumwokoa Brutus.

Tena hebu tumfikirie Cinna. Hana kosa lo lote. Umati wamwua kwa kuwa jina lake lafanana na la mmoja wa waliomwua Kaizari. Tukimwondoa, tutaisikia hotuba tamu ya Antony na kuishangilia, tusiyaone matunda yake. Sisi wa kidato cha nne wengi wetu tuna miaka 17. Mwakani tutafika umri wa kupiga kura, na wasemaji hodari watatujia. Yafaa tujifunze mapema, tukiwa ukumbini, yale ambayo hotuba tamu yaweza kuwatendesha watu wema.

Wazazi wetu nao si watoto wa kubembelezwa. Wameona mengi kuliko sisi. Tuwaonyeshe mchezo kama ulivyo, wahukumu wenyewe kama Brutus alikuwa mwema au mbaya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa moyo mkunjufu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV