Nunua Mwili wa Boti, Usinunue Rangi

Sisi watu wa Kwashemshi hatukai pwani. Tumezoea jembe, mahindi na mkonge. Hata hivyo, habari za boti zinatuhusu. Mto Pangani unapita Korogwe, kisha unakwenda kumwaga maji yake baharini penye mji wa Pangani. Kama maji yanavyoshuka, ndivyo na vijana wetu wanavyoshuka. Wengine wana ndugu zao Pangani, Kigombe na Tanga mjini. Wanaona samaki wakipokelewa na kuuzwa pale Deep Sea, Tanga. Wanarudi nyumbani na wazo moja: "Tuungane, tununue boti kuukuu ya faiba, tuitengeneze, tuvue."

Wazo hilo si baya. Mimi naliunga mkono. Boti mpya ni ghali, na si kila kikundi kinaweza kuimudu. Lakini nina maoni yangu, na ninaomba uyasome mpaka mwisho kabla kikundi chako hakijatoa fedha. Maoni yangu ni haya: boti kuukuu hununuliwa kwa ajili ya mwili wake, si kwa ajili ya rangi yake wala mashine yake. Na kikundi kisichokuwa tayari kusema "hapana" kisiende pwani na fedha mkononi.

Kwa nini jambo hili ni zito

Fikiria fedha hizo zinatoka wapi. Huenda ni akiba ya mwaka mzima. Huenda ni mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini lazima urudishwe. Boti ikifa, deni halifi. Tena wale watakaopanda boti hiyo ni watoto wetu. Jembe likivunjika mpini, mkulima hurudi nyumbani akilalamika. Tezi ya boti ikivunjika katikati ya bahari, huenda mvuvi asirudi. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo.

Faiba ni nini?

Watu wengi hudhani faiba ni plastiki kama ya ndoo. Sivyo. Faiba ni nyuzi nyembamba sana za kioo. Nyuzi hizo hulazwa kama mkeka, kisha hulowekwa katika gundi ya maji maji iitwayo rezini. Rezini ikiganda, mkeka na gundi huwa kitu kimoja kigumu. Watu wa Marekani walianza kutengeneza mashua za namna hii katika miaka ya 1940. Baadaye kazi hiyo ilienea duniani kote.

Wewe unayejenga nyumba ya miti na udongo unaelewa jambo hili upesi. Nyuzi ni kama fito. Rezini ni kama udongo. Udongo peke yake hupasuka. Fito peke yake hazizuii upepo. Vikishikana, nyumba husimama. Lakini maji yakiingia ndani na fito zikaoza, nyumba itaanguka hata kama umeipaka chokaa nzuri jana.

Faiba yenyewe haiozi kama mbao. Haishiki kutu kama bati. Wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaiwezi. Ndiyo sababu boti ya miaka 30 inaweza kuwa nzima. Lakini boti nyingi za faiba zina mbao zilizofichwa ndani yake. Mbao hizo huwekwa chini ya sakafu na katika ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Maji yakipita katika tundu la bolti, mbao huoza gizani, nawe huoni kitu. Nje kunang'aa, ndani kumeoza.

Namna ya kuchagua

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwuzaji atakuambia, "Mzee wangu, boti hii nimeipaka rangi juzi tu, itazame inavyowaka." Mshukuru, kisha jiulize: rangi hii inaficha nini? Mwombe aitoe boti majini, au ngojeni maji yakupwe ili ikae mchangani. Usikague boti ikiwa inaelea. Usiikague jioni wala wakati wa mvua. Kisha fanya haya:

1. Tazama kwa jicho moja. Simama nyuma ya boti, tazama ubavu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao. Ubavu uwe umenyooka vizuri mpaka omo, yaani mbele. Ukiona mabonde na vilima, boti hiyo imewahi kugongwa au mbao za ndani zimelegea.

2. Gonga. Chukua nyundo ndogo au mpini wa bisibisi. Gonga polepole, hatua kwa hatua, chini na ubavuni. Mahali pazima hulia kwa sauti kali: ko, ko, ko. Mahali pagonjwa hulia kama gogo lililooza: bu, bu, bu. Weka alama ya chaki kila mahali palipolia vibaya. Ukimaliza, simama mbali uzitazame alama zako. Alama 3 au 4 ni kazi ya fundi. Chaki ikienea boti nzima, nenda zako.

3. Tikisa mashine. Shika mashine kwa chini, ivute na kuisukuma. Mtu mwingine atazame ukuta wa nyuma. Ukuta ukicheza, au maji ya rangi ya kahawia yakitoka kwenye matundu ya bolti, mbao za ndani zimeoza. Huo ni ugonjwa mkubwa. Unatibika, lakini lazima ukuta ufunguliwe na mbao zibadilishwe. Bei lazima ishuke sana.

4. Kanyaga sakafu. Tembea ndani ya boti bila viatu. Sakafu ikibonyea kama kitanda cha kamba, mbao za chini yake hazina nguvu.

5. Tafuta malengelenge. Tazama sehemu inayokaa majini. Huenda utaona vipele kama vya mtu aliyeungua. Maji yamepenya ganda la juu. Kimoja kikitobolewa, hutoa maji yenye harufu kali kama siki. Malengelenge machache yasikutishe. Yakiwa mengi, boti itahitaji kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kutengenezwa.

6. Pima nyufa. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za ganda la juu tu. Lakini ingia ndani, tazama mahali pale pale. Ukiona nyuzi zimekuwa nyeupe au zimechanika, ufa umepita mpaka ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku baharini hakuna ukuta wa kujenga.

7. Uliza uzito. Boti nyingine zimejazwa sponji ngumu chini ya sakafu ili zisizame. Sponji hiyo ikizeeka hunywa maji. Waulize waliowahi kuisukuma boti hiyo mchangani kama imekuwa nzito kuliko zamani. Mvuvi wa kawaida atakupa jibu ambalo mwuzaji hatakupa. Kuuliza si ujinga.

Mashine iangalie mwisho. Najua wengi watanipinga hapa. Vijana hukimbilia mashine kwanza. Wanataka kuisikia ikinguruma. Lakini mashine inaweza kufunguliwa na kuhamishiwa boti nyingine. Mwili mbovu hauhamishiki. Mashine nzuri juu ya tezi iliyooza ni mzigo mzito juu ya punda mgonjwa.

Hesabu kabla ya kununua

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Chukua daftari, andika mafungu haya: bei ya boti, rezini na mikeka ya faiba, mbao, fundi, mashine, nyavu, maboya ya kuokolea watu, usajili na leseni, nauli. Jumlisha.

Tuseme kikundi chenu kina shilingi milioni 6. Mkinunua boti kwa milioni 5 na nusu, mmenunua kivuli cha kukalia pwani. Mtabaki mmeitazama, hamna fedha ya kuitengeneza. Mimi nashauri bei ya boti isizidi theluthi moja ya fedha zote. Kwa milioni 6, theluthi ni milioni 2. Zinazobaki ni za matengenezo na vifaa, na akiba kidogo kwa yale yasiyoonekana. Katika boti kuukuu, yasiyoonekana hayakosi.

Pia msinunue kwa maneno matupu. Hakikisheni mwuzaji ndiye mwenye chombo. Andikeni hati ya mauziano mbele ya mashahidi. Nendeni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri ya pwani, na kwa kikundi cha BMU cha mwalo huo, muulize habari za boti hiyo. Chombo cha uvuvi lazima kisajiliwe na kiwe na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Boti isiyo na karatasi ni kesi inayongoja siku yake.

Kuitengeneza si kupaka rangi

Fundi mbaya hujaza ufa kwa lami au saruji, kisha hupaka rangi. Mkataeni. Fundi mzuri huosha kwanza mafuta na uchafu. Halafu hukwangua faiba mbovu mpaka afike penye uzima. Hukwangua kwa upana. Kama ukuta una unene wa milimita 5, hukwangua mteremko wa milimita 60 hivi kila upande, yaani mara 12 ya unene. Hapo mikeka mipya hupata mahali pa kushika. Ni kama kuunga kamba ya mkonge: ukiunga ncha kwa ncha, kamba hukatika, ukizisokota pamoja kwa urefu, hushika.

Kazi hiyo ina hatari zake. Vumbi la faiba huwasha kama upupu, na likiingia mapafuni linadhuru. Mfanyakazi avae barakoa ya kuzuia vumbi, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Dawa ya kugandisha rezini inaweza kupofusha jicho. Hutiwa kidogo tu: gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya rezini. Dawa hiyo isichanganywe moja kwa moja na ile dawa nyingine ya kuharakisha. Zikikutana zenyewe zinaweza kulipuka. Mvuke wa rezini hushika moto. Basi sigara na jiko la mkaa vikae mbali, na watoto pia.

Wanaosema tusubiri

Wapo wanaosema, "Tusihangaike na boti kuukuu. Serikali inatoa mpya." Ni kweli kwamba mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za kisasa na vizimba vya samaki mjini Mwanza, kwa mkopo kwa wavuvi. Hilo ni jambo jema. Kikundi kinachoweza kuomba na kiombe. Lakini boti hizo haziwezi kumfikia kila mtu kwa siku moja. Na hata mwenye boti mpya atahitaji kujua haya niliyoyaandika, kwa sababu boti mpya ya leo ndiyo kuukuu ya kesho.

Wengine wanasema mtumbwi wa mti ni bora. Nao wana hoja. Mtumbwi ukifa huwa kuni. Boti ya faiba ikifa haiwi kuni. Ukiichoma hutoa moshi wenye sumu, na ukiitupa haiozi. Hukaa ufukoni miaka na miaka. Lakini kwangu mimi hoja hiyo ndiyo inayozidi kutudai tutengeneze zile zinazotengenezeka. Kila boti nzima inayorudishwa kazini ni taka moja iliyopungua ufukoni, na huenda ni mti mmoja mkubwa uliobaki msituni.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, haraka haraka haina baraka. Kagueni boti 3 au 4 kabla ya kuchagua moja. Mkirudi Kwashemshi mikono mitupu na fedha zenu zote, msione haya. Hamkushindwa. Mmekataa kununua hasara. Ipo boti nyingine, imechakaa rangi, imesahauliwa chini ya mnazi, lakini ukiigonga inalia ko, ko, ko. Hiyo ndiyo yenu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwandishi anasema mashine iangaliwe mwisho? Je, unakubaliana naye?
2. Faiba inafanana vipi na nyumba ya miti na udongo?
3. Kikundi kina shilingi milioni 9. Kwa ushauri wa mwandishi, bei ya boti isizidi shilingi ngapi?
4. Andikeni pamoja hati fupi ya mauziano ya boti. Ni mambo gani lazima yawemo?