Butembo: Skana ya zamani isitupwe kabla ya kupimwa

Mwenye duka la fotokopi Rughenda, mjini Butembo, asikimbilie kutupa skana ya zamani eti Windows mpya imeikataa. Katika eneo la vita, hati ya kiwanja au diploma ikiungua bila nakala, mwenyewe anahangaika miaka.

Linux hailipiwi, na programu ya SANE bado inatumikisha skana nyingi ambazo viwanda vimeziacha. Fundi akague kwanza waya na umeme, kisha aandike «scanimage -L». Skana ikionekana kwa msimamizi wa kompyuta peke yake, kinachokosekana ni ruhusa. Ikionekana lakini haisomi karatasi, huenda inadai faili ya kiwanda.

Zingine hazitafufuka. Hata hivyo, vijana wafundishwe kupima kwanza. Kununua kuje mwisho.