Oman: Ute wa bahari na hatima ya maji ya kunywa

Magofu ya Qalhat, mji wa kale ulio karibu na Sur mashariki mwa Oman, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Karibu na kaburi la Bibi Maryam limesalia birika la kuhifadhia maji. Wakazi wa bandari hiyo, ambayo biashara yake ilifika India na Afrika Mashariki, walijua kuwa bahari huleta mali lakini haikati kiu.

Leo bahari hiyo hiyo ndiyo inayowanywesha watu. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa nchini Oman hutoka katika mitambo ya kuondoa chumvi, ukiwemo wa Sur ulioanza kazi mwaka 2009. Maji husukumwa kwa nguvu dhidi ya utando mwembamba unaoyapitisha na kuizuia chumvi.

Usalama wa mitambo hiyo unategemea jambo lisilozungumzwa sana: tabia ya polima zenye chaji ya umeme. Hizo ni molekuli ndefu mfano wa mnyororo, ambazo pingili zake hubeba chaji chanya au hasi.

Somo la mwaka 2008

Mwaka 2008 mwani mdogo usioonekana kwa macho, Cochlodinium polykrikoides, ulistawi kupita kiasi na kuibadilisha rangi bahari. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miezi minane na kuenea katika zaidi ya kilomita 1,200 za pwani. Samaki wengi walikufa, na baadhi ya mitambo ya maji nchini Oman na katika Falme za Kiarabu ikalazimika kusimama.

Tatizo halikuwa mwani wenyewe tu. Mwani wa namna hiyo hutoa ute, ambao kwa sehemu kubwa ni polima za sukari zenye chaji hasi. Kalsiamu iliyomo baharini, ambayo ina chaji chanya, huifunga minyororo hiyo pamoja hadi ikawa utelezi mzito, mfano wa bamia. Utelezi huo hunata kwenye machujio na utando, kisha bakteria wakapata makao na chakula.

Dawa yenye pande mbili

Wahandisi hupambana na uchafu huo kwa kutumia, miongoni mwa dawa nyingine, polima zenye chaji chanya. Hizo huvuta chembe zenye chaji hasi, zikaungana na kuzama. Kanuni hiyo si ngeni Afrika: nchini Sudan wanawake wa vijijini wamekuwa wakisafisha maji ya tope kwa unga wa mbegu za mlonge, ambazo protini yake ina chaji chanya.

Hata hivyo, chaji haichagui. Utando wa mitambo nao kwa kawaida huwa na chaji hasi, hivyo dawa ikizidi kipimo huugandama na kuuziba. Vivyo hivyo, polima za aina hiyo zikifika baharini zikiwa bado huru huweza kunata kwenye matamvua ya samaki na kuwanyima pumzi. Kile kinachomlinda mnywaji wa maji kinaweza, kwa uzembe, kumpokonya mvuvi riziki yake.

Ndiyo maana njia iliyofuatwa Sur inastahili kuangaliwa. Mtambo huo hauvuti maji moja kwa moja kutoka baharini, bali kupitia visima vilivyochimbwa ufukweni. Miamba ya pwani huyachuja maji kabla hayajafika mtamboni, na hivyo kupunguza haja ya dawa. Lakini si kila pwani ina miamba inayofaa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Suala hili halihusu Oman peke yake. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa ilitangaza mpango wa kusafisha maji ya bahari huko Likoni. Mara nyingi mjadala wa miradi ya namna hii huishia kwenye gharama na umeme.

Swali zito zaidi ni hali ya bahari yenyewe. Majitaka yanayomwagwa baharini hurutubisha mwani, mwani hutoa ute, na ute huongeza mahitaji ya dawa. Serikali inayonunua mtambo huku ikiacha majitaka yatiririke baharini itakuwa inalipa mara mbili, na anayekosa maji bombani ndiye atakayelipa ya tatu.