DAWA YA KIFUA SI PAMBA

Mkulima wa Igunga akivuna pamba safi hutaka inunuliwe yote. Dawa mpya ya nimonia haiendi hivyo. Ikiwa njema, madaktari huiweka akiba mpaka zile za zamani zishindwe. Basi mwenye kiwanda hauzi. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu lefamulini, dawa ya nimonia. Mwaka 2023 kampuni yake, Nabriva, ikaanza kufunga shughuli. Dawa ilifanya kazi, soko likaitupa!

Uingereza, nchi ya mabepari hasa, imeling'amua jambo hilo: mwaka 2022 serikali yake ilianza kulipa ada ya kila mwaka kwa dawa mbili za kuua bakteria sugu, zitumike nyingi au chache.

Na sisi je? Mtoto wetu anayehema kwa shida anategemea amoksilini, nayo twainunua vidonge vinne vinne kwa mafua, ilhali mafua hayasikii dawa hiyo. Ndugu, huko ni kula mbegu. Twajua zahanati ni mbali kwa wengi, na mara nyingine mtu hufika akaambiwa dawa zimekwisha. Kwa hiyo twadai mambo mawili: zahanati isikose amoksilini, na duka lisiitoe bila cheti. Mwenye duka anayetaka kutujibu na aandike, tutamchapa.