USINGIZI WA MAMA MJAMZITO NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu wafanyakazi,

Vikaoni tunazungumza sana habari za mishahara, saa za ziada na viatu vya kazi. Ni sawa. Lakini usingizi wa mama mjamzito anayefanya zamu ya usiku haujafika mezani. Wengi hudhani ni mambo ya nyumbani. Mimi nasema ni jambo la kazini.

Uko ugonjwa uitwao kisukari cha mimba. Mama ambaye hakuwa na kisukari, sukari hupanda katika damu yake akiwa mjamzito, kwa sababu kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Kukosa usingizi nako hupunguza nguvu hiyo hiyo. Kwa hiyo mjamzito asiyelala hubeba mzigo juu ya mzigo.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitangaza uchunguzi wa wajawazito waliovaa mkononi kifaa cha kupima usingizi. Waliolala chini ya saa 7, na waliochelewa sana kulala, walipatikana na ugonjwa huu zaidi ya wenzao. Usingizi si sababu pekee. Umri, unene na ukoo wenye kisukari vimo pia. Lakini ukoo hatuwezi kuubadilisha. Ratiba ya zamu tunaweza.

Tazameni hali yetu hapa Uganda. Majani ya chai yaliyochumwa mchana husindikwa usiku. Viwanda vya sukari katika msimu havizimwi. Mama hutoka kazini asubuhi, akifika nyumbani anangojwa na watoto, maji na kuni. Atalala saa ngapi, chini ya bati lenye jua kali?

Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Hujulikana kwa kupimwa sukari kliniki, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28. Usipotibiwa, mtoto huweza kukua kupita kiasi na uzazi ukawa mgumu, na mama huweza kupata shinikizo la damu. Hata akijifungua salama, yumo katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu baadaye.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 inatoa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, wamekataza mjamzito kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Ni hatua njema. Lakini hesabuni: miezi miwili kabla ya kujifungua, wiki ya 28 imekwisha kupita. Kinga imechelewa.

Kwa hiyo katika mkataba ujao na waajiri tudai haya:

1. Mama akionyesha kadi ya kliniki, ahamishiwe zamu ya mchana bila kupunguziwa malipo. Akipunguziwa, ataficha mimba.

2. Siku ya kliniki ilipwe kama siku ya kazi.

Nanyi ndugu wanaume, msingoje mwajiri. Chota maji, pika uji, mwache mama alale.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Umoja ni nguvu!